Msumeno Uliotoa Utomvu

Msumeno ulikuwa unatoa utomvu. Makau aliupangusa Jumapili jioni kwa kitambaa chenye petroli, mnyororo ukabaki mkavu, na Jumatatu alfajiri akaukuta umelowa tena kitu cheupe, kizito, cha kunata vidoleni. Tangi halikuwa na tone la mafuta. Kamba ya kuwashia ilikuwa imekatika. Makau alizijua mashine vizuri, maana kazi yake kule EPZ Athi River, eneo la viwanda vya nguo, ni kukarabati cherehani za kiwanda kizima. Akajiambia ni grisi ya zamani, akaenda kazini.

Huyu Makau alikuwa amepata ugonjwa mpya: misumeno ya mota ya zamani, ile watu wa Tala huiita pawasoo. Wanaume wa umri wake hununua mbuzi. Yeye alikesha na simu akitazama wazungu waliopanga misumeno yao ukutani kama picha za maaskofu, naye akaitamani. Alikuwa ameshakariri masharti ya anayeanza: usipake rangi upya, usitupe skrubu hata ikiwa na kutu, na wa kwanza uwe msumeno ambao historia yake unaijua.

Jumapili hiyo mchana kaka yake Laban alikuwa amemletea wa marehemu baba yao, wa miaka ya sabini, mzito hata boda boda iliyoubeba ikawa inalalamika njia nzima.

"Nimekuanzishia, ndugu yangu," Laban alisema. "Haijawashwa tangu mzee atuache."

Kabla ya kuutua, aliuegemeza mguuni mwa Nzisa, mke wa Makau, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shikilia kidogo, shemeji." Nzisa akacheka, akaushikilia. Makau nusura alie kwa furaha. Yeye na Laban walikuwa wamekaa miaka mingi bila kupendana, na sasa huyu hapa, amembebea kumbukumbu ya baba. Tena ilikuwa wiki njema kwao. Mama yao, aliyekuwa amekakamaa viungo mwezi mzima, alikuwa ameamka siku hiyo hiyo akainama mwenyewe kuvaa viatu, na kanisa zima likapiga makofi.

Jumanne nyumba ikaanza kunuka mti mbichi.

"Unasikia hiyo harufu?" Nzisa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mbao za jirani."

"Jirani hana mbao, Makau. Na magoti yangu yamekataa kukunjika. Leo nimepika nikiwa nimesimama."

Makau akamsugua dawa ya misuli. Alikuwa anatoka kabla ya jua na kurudi likizama, na kila jioni alimkuta mkewe amesimama mlangoni, maneno yakipungua siku hadi siku. Alhamisi hakusema hata moja. Walipolala ubavu kwa ubavu Makau alisikia sauti ikitoka kifuani mwa Nzisa, krrr, kama shina linalolemewa na upepo, na upepo haukuwepo.

Jumamosi hakuwa na kazi. Alitoka stoo saa sita mchana, jua la utosini, akamwona Nzisa katikati ya uwanja amenyanyua mikono yote miwili, macho wazi bila kupepesa, vidole vimetawanyika, na njiwa wawili wametua begani mwake wakijisafisha mbawa bila hofu yoyote, na Makau akamkimbilia, akamshika kiuno ili amwingize kivulini, akavuta, akavuta tena kwa nguvu zake zote, na zile nyayo mbili hazikuachana na udongo.

"Nzisa! Aiya, Nzisa!"

Machozi yalimtoka Nzisa, lakini yalikuwa meupe.

Mchungaji alikuja akaomba saa nzima, akaondoka bila kunywa chai, na mchungaji akikataa chai ujue mambo yameharibika. Jirani ndiye aliyempigia simu Nduku, mama muuza maembe wa soko la Matuu, ambaye watu wa kanisa humtafuta wakihakikisha hakuna anayewaona. Nduku alifika bado amevaa aproni ya sokoni. Aligusa shavu la Nzisa, akanusa kidole.

"Nani amekata mumo?" alinong'ona.

"Hakuna mtu amekata mti hapa, mama."

"Nyinyi muite jini. Sisi tunajua ni mwenye mti. Mumo ni mti wa matambiko; ukitaka kuangushwa, unaegemeza kijiti hapo kwa shina, halafu unakipeleka kimya kimya uegemeze kwa mumo mwingine, ndio mwenyewe ahame. Usipofanya hivyo, anatafuta kitu chochote kimesimama." Akamtazama Makau. "Huyu mwenye mti hakuingia peke yake. Ameegemezwa. Ni kitu gani kimeegemezwa kwa huyu mama?"

Makau aliukumbuka msumeno mguuni mwa Nzisa. Alipoupanda mlima kwenda kwa kaka yake, alipita kisiki kibichi cha mumo wa shamba la juu.

Laban alikuwa anapima misumari dukani kwake. Alipomwona, akateremsha mlango nusu.

"Ulikata mumo wa shamba la juu," Makau alisema. "Kwa msumeno wa baba."

"Nilitaka kujenga vyumba vya kukodisha. Nikaona hayo ya kijiti ni ushenzi, mimi ni mzee wa kanisa." Akaweka misumari chini. "Ikamwingia Mwaitu. Mama yetu, Makau! Ulimwona alivyokuwa. Nikaambiwa niegemeze hiyo pawasoo kwake, halafu kwa mtu mwingine."

"Mtu mwingine ni bibi yangu?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga hawakuwa na kaka kama Laban. Aliyetumia mapenzi ya Makau kwa misumeno kama mlango wa kuingizia balaa alikuwa amenyonya ziwa alilonyonya yeye.

"Mwaitu anajua?"

"Hajui kitu. Haki ya Mungu. Anafikiria ni maombi."

Makau alishika hilo moja, akarudi nalo nyumbani.

Jua lilipokuwa linashuka, Nduku aliegemeza tawi la mumo mgongoni mwa Nzisa. Akaliinua kwa mikono miwili, akashuka nalo hadi mtoni bila kusema neno na bila kugeuka, akiwapita waliomsalimia kama vile yeye ni kiziwi, mpaka kwenye mumo mkubwa wa ng'ambo. Hapo akaliegemeza. Kule nyumbani magoti ya Nzisa yalikunjika ghafla, akaanguka mikononi mwa mumewe, mwili laini, unaonuka jasho la binadamu. Makau alilia bila aibu.

"Ni Laban," alimwambia alipopata pumzi. "Kaka yangu ndiye alikufanyia hivi, na sitamsamehe. Lakini angalau Mwaitu hakujua. Tumebaki na mama."

Nzisa alikunywa maji, akarudisha kikombe.

"Makau, mimi nilikuwa nasikia na naona kila kitu. Ukienda kazi, nilikuwa nasimama hapo nje mpaka jioni. Na tangu maneno yaanze kuniishia, kila siku mama yako alikuwa anakuja."

"Kukuombea?"

"Alikuwa anakuja na mtungi. Ananimwagilia miguu, polepole, na anakanyaga udongo vizuri, ndio nishike."