Hadi Jedida Aingie Chuo Kikuu

Jedida alipata C katika mtihani wa kidato cha nne. Chuo kikuu kinataka C yenye alama ya kujumlisha, na hiyo alama hakuipata. Kwa mtoto mwingine hilo lingekuwa jambo la kulia siku mbili, kisha maisha yaendelee. Kwa Jedida ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndoa ya baba yake ilikuwa imening'inia kwenye alama hiyo.

Baba yake, Mangi, ni fundi wa friji mjini Malindi. Siku alipomzika mkewe kule Vitengeni, Jedida akiwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza, alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, na hakuna aliyemwuliza: "Mwanamke mwingine haingii nyumbani kwangu hadi Jedida aingie chuo kikuu." Watu waliitikia. Mama mkwe wake, Kavumbi, alimshika mkono akalia naye. Mangi mwenyewe aliishia darasa la saba, na hakuna anayekipenda chuo kikuu kama mtu wa darasa la saba.

Wakati huo alikuwa hajamwona Dorcas.

Alimwona mwaka uliofuata, kwenye mitumba ya Malindi, Jumamosi ya kununua vitu vya shule. Soko lilinuka jasho na mihogo ya kukaanga. Kwenye lundo la viatu vyeusi Mangi alichomoa kiatu cha kulia, kizima, soli haijalika. Akatafuta cha kushoto. Cha kushoto kilikuwa mkononi mwa mwanamke aliyevaa dera la rangi ya embe bivu, kilemba amekifunga upande kama mtu asiye na shida na dunia.

"Dada, hicho changu."

"Chako vipi? Umezaliwa nacho?"

"Nimeshika mwenzake."

"Na mimi nimeshika mwenzake. Lete hicho, uende zako."

"Nina binti kidato cha pili, dada yangu."

"Nami nina mdogo wangu anayeenda shule na malapa, kaka yangu."

Muuzaji alichoka. "Nyinyi mnataka viatu au mnataka kuoana? Mniambie nijue bei."

Watu walicheka. Dorcas naye alicheka, akakigeuza kiatu kutazama namba. "Sita. Mdogo wangu anavaa tano. Haya, chukua. Lakini utanibebea mfuko huu mpaka kwenye tuktuk, na usinung'unike."

Mangi alibeba. Hakunung'unika. Mfuko ulikuwa umejaa nazi, na uzito wake aliuona raha.

Dorcas alikuwa akifanya kazi katika duka la vitabu na karatasi la Pritesh. Nyuma ya duka kulikuwa na kompyuta nne, na hapo ndipo watoto wa mji walipokuja kutazama matokeo na kujaza maombi ya vyuo. Wengine walikuja na wazazi, wengine peke yao, na Dorcas alikaa na kila mmoja kama vile dukani hakuna foleni. Mangi alianza kuja kutoa nakala za kitambulisho. Alizitoa mpaka zikajaa kwenye droo nyumbani.

"Fundi," Pritesh alimwambia siku moja, miwani imemshukia puani, "namba ya kitambulisho chako sasa naijua kuliko ya mke wangu. Mwambie huyu binti unalotaka, uniachie mashine ipumzike."

Akamwambia. Dorcas hakukataa. Zikaanza simu za jioni.

"Umekula?"

"Bado. Nimelala chini ya friji la hoteli, linanidondoshea maji usoni."

"Njoo basi, kuna mbaazi za nazi na mahamri."

"Nikija nitaondoka?"

"Saa mbili utaondoka, Baba Jedida. Au hicho kiapo chako kina saa za ziada?"

"Dorcas, wewe una mdomo."

"Na wewe ndio unaoupenda."

Jedida akiwa kidato cha tatu, Mangi alipanda mpaka Rabai na mjomba wake, amebeba kadzama, kile kibuyu cha kwanza cha pombe ya mnazi cha kufungulia posa. Babake Dorcas alikunywa, akapangusa mdomo, akauliza arusi ni lini.

"Binti yangu akiingia chuo kikuu, mzee."

Mzee alimtazama. "Basi huyo mtoto na asome," akasema.

Alisoma. Matokeo yalipotoka, mwezi wa kwanza, ni Dorcas aliyeyafungua, Jedida amesimama nyuma ya kiti ameuma ncha ya leso. Hisabati B. Jiografia B. Kiingereza D. Jumla, C. Jedida hakulia. Alisema tu, "Baba ataniua," na Dorcas akamjibu, "Hatakuua. Atapiga kelele. Wewe umwambie unachotaka."

"Nataka kupima mashamba. Ile kazi ya kusimamisha kile kidude cha miguu mitatu na kuchungulia."

"Upimaji ardhi. Kwa C hii diploma unaipata, na hesabu unazo."

Jioni hiyo Dorcas alikwenda karakana kwa Mangi na bakuli la wali. Mangi alikuwa amepiga magoti mbele ya friji lililofunguliwa mgongo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Atarudia kidato cha nne," alisema kabla hajasalimiwa. "Nimeshaongea na shule moja huko Kilifi."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini? Alikosa kidogo tu."

"Kiingereza kimemshinda tangu kidato cha kwanza, Mangi. Mwaka mmoja hautakigeuza. Anataka upimaji ardhi. Asome diploma, na akimaliza, chuo kikuu kitamngoja palepale."

"Diploma si chuo kikuu."

"Si chuo kikuu. Lakini ndicho anachokitaka."

Mangi alisimama. Yeye ni mtu wa kusema linalomjia, na mara nyingi watu humsifu kwa hilo. Siku hiyo lilimjia hili:

"Wewe unaharakisha ndoa. Umechoka kungoja, sasa unataka mwanangu asomee chochote kile ili mimi nikuoe."

Friji lilitetemeka likanyamaza. Dorcas aliliweka bakuli juu ya boksi la vyuma. Alijifunga leso vizuri kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari, akatoka. Mlangoni alipishana na Jedida aliyekuwa amesikia yote.

"Baba," Jedida alisema, "mkitaka kuoana, oaneni. Msinisomeshe mimi kwa ajili yenu."

"Nyamaza, ingia ndani."

Jedida akaingia. Wiki iliyofuata akapelekwa Kilifi, ndani ya sare ya shule nyingine, akarudia.

Dorcas alimpigia Mangi siku ya pili baada ya Jedida kupelekwa Kilifi. Hakuuliza kama amekula.

"Baba Jedida, nimezungumza na baba huko Rabai. Nimemwambia posa imekwisha."

"Imekwisha vipi? Dorcas, mpenzi, nilisema kwa hasira."

"Ulisema. Nami nimefikiri. Mradi mimi ni mchumba wako, kila nitakalosema juu ya Jedida utaliona lina ndoa ndani yake. Basi nimeiondoa hiyo ndoa. Sasa mimi ni mtu wa kompyuta tu, kama mwingine yeyote. Maombi ya vyuo yakifunguliwa, ukitaka ushauri, njoo dukani upange foleni."

"Unaniadhibu."

"Sikuadhibu. Mtoto ana miaka kumi na tisa, na hana mtu wa kumsemea anayesikizwa. Lala salama."

Mangi alilala, lakini salama hakulala. Alikasirika wiki tatu. Alimtukana Dorcas peke yake, chini ya mafriji ya watu, kisha akaanza kumkumbuka katikati ya matusi. Jumapili alikwenda Kilifi kumtazama Jedida. Alimkuta amekonda, amekaa na watoto aliowazidi kimo, mbele yake insha ya Kiingereza iliyojaa wino mwekundu.

"Unaendeleaje, mama?" Jina lile la mama humwita akimwonea huruma.

"Naendelea, Baba."

"Utapita?"

Jedida alifikiri. Mtoto huyu hajui kudanganya, amemfuata baba. "Sijui. Naogopa nitapata ileile C, na wewe utasema nirudie tena."

Njiani kurudi Malindi Mangi alijiuliza kama angesema hivyo. Akajijibu kuwa angesema.

Maombi yalipofunguliwa alimwombea Jedida ruhusa shuleni, wakaja naye dukani. Walipanga foleni. Mbele yao alikuwa Eugene, kijana aliyepata A na hajui anataka nini, na mama yake aliyejua kila kitu. Dorcas alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge cha kijani, na alikuwa amesuka nywele upya. Mangi aliona, akatazama sakafu.

Zamu yao ilipofika Dorcas alisema, "Karibu, mzee. Shida?"

Neno lile "mzee" lilimchoma. "Tumekuja kujaza."

"Jina la mwanafunzi?"

"Dorcas, unalijua."

"Jina la mwanafunzi, mzee wangu. Kuna watu nyuma yako."

"Jedida Mangi."

"Vema. Jedida, mwanangu, kaa hapa karibu nami. Mzee, unaweza kusimama, au kuna kiti kile." Akamgeukia msichana. "Unataka nini?"

Jedida alimtazama baba. Duka zima, pamoja na Pritesh aliyejifanya anahesabu kalamu, lilimtazama baba.

Na Mangi, kwa mara ya kwanza, aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. "Huo upimaji ardhi, mtu akimaliza anafanya nini?"

Hakuwa anamwuliza Jedida. Dorcas alimjibu pale pale, bila tamu wala chungu: kazi zilizopo, miaka ya masomo, na kwamba si kila anayemaliza huajiriwa mara moja. "Sikufichi, mzee. Ni njia ndefu vilevile. Ila hii ataitembea kwa miguu yake."

"Na akirudia asipate?"

"Atakuwa amepoteza mwaka, na atakuwa amejiona hafai. Hilo la pili nimeliona mara nyingi kwenye kiti hiki."

Mangi alisugua kidevu. Kisha alimwambia mwanawe, "Jaza unalotaka. Mimi nitajua la kufanya na maneno yangu."

Jedida akajaza. Hakukosea hata herufi moja. Walipomaliza Pritesh alisema, "Fundi, leo umekuja kama mteja, utalipa kama mteja," na Mangi akalipa bila kubishana, jambo ambalo lilimtia Pritesh wasiwasi.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, chuo cha ufundi Mombasa, Mangi alichukua siku nzima akaenda Vitengeni. Alimkuta Kavumbi anapepeta mahindi, na shemeji yake Jefwa anatengeneza baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na mtoto?"

"Nimekuja na maneno. Siku ya mazishi nilisema neno kubwa. Sikuulizwa, nikalisema. Jedida haingii chuo kikuu sasa. Anakwenda kusomea kupima ardhi, na mimi nataka kuoa. Nimekuja kulifuta neno langu hapa hapa nilipolisema."

Jefwa alitupa spana chini. "Dada yangu ulimwambia uongo kaburini."

"Sikumwambia yeye. Niliwaambia nyinyi, ili mnisifu. Mkanisifu."

Jefwa aliondoka na baiskeli isiyo na mnyororo, akiisukuma. Kavumbi alipepeta mpaka makapi yakaisha. "Neno la kaburini halifutwi kwa mdomo mtupu," alisema mwishowe. "Lete kondoo. Na huyo mtoto akishajua hiyo kazi yake, aje anipimie shamba langu kabla sijafa, wamelisogezea mpaka hawa majirani."

Usiku uleule Mangi alipiga simu.

"Umekula?" aliuliza.

Dorcas naye aliuliza, "Wewe ni nani?"

"Mtu wa foleni."

"Duka limefungwa, mzee."

"Nimetoka Vitengeni. Nimelifuta lile neno. Jefwa amenikasirikia, mama mkwe anataka kondoo. Jedida anakwenda Mombasa, nawe huna tena la kuharakisha. Sasa nakuuliza kama mtu ambaye hana sababu ya kukuuliza. Utaolewa na mimi?"

"Nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Ulisema naharakisha ndoa. Nilikuwa naharakisha, Mangi. Nilitaka sana. Nilikuwa nikilala nahesabu miaka yangu. Lakini ushauri niliompa mtoto ulikuwa sawa, na ningempa huohuo hata kama ungekuwa na wake watatu."

"Najua."

"Sasa unajua."

"Sasa najua. Utaolewa?"

"Njoo kesho ule. Saa mbili hutaondoka kwa kiapo, utaondoka kwa sababu baba yangu bado hajakusamehe."

Walioana mwezi wa nane, Rabai, Dorcas katika gauni la rangi ya malai na viatu alivyovivua kabla ya wali kuliwa ili acheze. Jedida alicheza naye mpaka vumbi likawafika magotini.

Na hivi ndivyo ilivyogharimu. Kondoo mmoja, kwa Kavumbi. Kadzama ya pili, kwa sababu mzee wa Rabai alisema ile ya kwanza alikunywa kwa mkwe mwingine, mwenye adabu. Karo ya shule ya Kilifi, ambayo haikurudi. Jefwa hakuja arusini, na wakikutana sokoni Malindi hugeuza uso. Jedida yuko Mombasa na huja nyumbani mwisho wa muhula, mrefu zaidi na mwenye maneno mengi, na chumba chake kina kimya ambacho Mangi hakukipangia. Na wakati mwingine, Dorcas akiwa amekasirika kwa jambo dogo, chumvi au mlango, humimina chai kikombeni akasema bila kumtazama, "Ulinidhania vile siku ile." Mangi hunywa chai. Hilo hajui hulipwa kwa kitu gani.