Saa Iliyoandikwa Kwenye Paji la Uso

Mzee Champaklal wa duka la sufuria ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika, na alilalamika kwa utani. Alikuja kuchukua vidonge vyake vya presha, akakaa mwisho wa benchi la wateja, upande wa ukutani, na aliponyanyuka mguu wa kushoto ukamkatalia.

"Dokta, benchi lako umelipaka nini?" alisema, ameishika kaunta kwa mikono miwili. "Nimekuja na miguu miwili, narudi na mmoja!"

"Ni ganzi tu, mzee. Umekaa vibaya," alijibu Anselmi.

"Miaka sabini na nne nakaa. Leo ndiyo nimesahau kukaa?"

Watu walicheka. Evarista naye alicheka, akiwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na friji la dawa, rozari mkononi. Lakini kesho yake mpagazi mmoja kijana, mwenye nguvu za kubeba magunia mawili kwa mpigo, alikaa pale pale akanyanyuka anachechemea. Keshokutwa ikawa zamu ya mama mjamzito. Wote mguu wa kushoto. Wote upande wa ukutani. Wote baada ya chakula cha mchana, saa nane ikielekea saa tisa. Wapagazi wa Kariakoo hawana dogo, wakaanza kuambiana barabarani, "Kwa dokta Anselmi ukitaka panadol, uliza umesimama."

Anselmi hakucheka. Evarista alimwona akiitazama saa ya ukutani, kisha benchi, kisha saa tena.

Alimpenda Anselmi. Hilo lijulikane kwanza. Evarista alikuwa mjane wa Rombo, na mwanawe wa pekee, Lucky, alikuwa askari aliyepelekwa kulinda amani katika misitu ya mashariki ya Kongo. Hakurudi mzima. Anselmi alikuwa tabibu wa kikosi chao, yule anayetambaa na begi la bandeji wakati wenzake wanapiga risasi. Ndiye aliyelisindikiza jeneza mpaka nyumbani, jeneza lililofungwa, ambalo familia iliambiwa isilifungue. Walipokwisha kumzika Lucky katikati ya migomba, Anselmi alipiga magoti mbele ya Evarista, akaishika rozari yake, akaapa. "Mama, alifia mikononi mwangu. Dakika tano tu. Hakusikia maumivu. Macho nilimfumba mimi."

Kwa maneno hayo Evarista aliishi miaka tisa. Kila jioni aliposali alimshukuru Mungu kwa zile dakika tano, na kwa mikono ile. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, ni Anselmi aliyekuja kumchukua. Alikuwa ameacha jeshi na kufungua duka la dawa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. "Mimi ndiye mwanao aliyebaki," alimwambia. Akampeleka hospitali, macho yakatibiwa, akampa chumba, akawa anamshika mkono Jumapili wakienda misa. Watu walimsifu, na Evarista alimsifu kuliko wote.

Baada ya ganzi ikaja harufu. Ilikuwa Februari, kiangazi kikali, mtaa mzima vumbi na moshi wa magari, lakini ndani ya duka kulinuka majani mabichi yaliyooza na tope la mahali pasipofikiwa na jua. Anselmi alipiga deki kwa dawa mara tatu kwa siku. Harufu ilitoweka asubuhi, ikarudi mchana. Kisha kukaanza matone. Tap. Tap. Kama mvua iliyokwisha kunyesha, na sasa maji yanashuka kutoka jani hadi jani. Juu ya duka kulikuwa na ghorofa nne za zege.

"Bomba limepasuka," alisema Anselmi.

"Bomba gani, mwanangu? Fundi amekuja jana, kasema pakavu."

Mikono ya Anselmi, iliyozoea kuhesabu vidonge bila kuangalia, ilikuwa ikimwaga vidonge sakafuni.

Jirani yao upande wa kulia alikuwa Shadya, mwanamke wa makamo muuza udi na ubani. Watu walimjua kwa biashara hiyo, na kwa nyingine aliyorithi kwa bibi yake, ya kusema na majini na kuwatoa. Siku moja mchana alikuja kununua dawa ya kikohozi, akakaa kwenye benchi kwa makusudi. Aliponyanyuka hakusema utani wowote. Alimvuta Evarista nyuma ya rafu, akapandisha baibui. Katikati ya paja la kushoto palikuwa na alama nyekundu, upana wa vidole viwili, imezunguka mguu mzima kama mkanda uliokazwa.

"Hii si ganzi, mama," alinong'ona. "Pale pamekaliwa."

"Na nani?"

"Na mtu wa porini. Majini wa mjini nawajua, wanapenda marashi. Huyu ananuka tope."

Evarista alifanya ishara ya msalaba. "Mimi ni Mkristo, mwanangu. Nina maji yangu ya baraka."

"Nyunyiza, mama, sikukatazi. Ila uwe tayari."

Alinyunyiza siku iliyofuata, mchana, Anselmi alipokuwa stoo. Maji yalidondoka juu ya ubao, na badala ya kutiririka yakazama yote mara moja, na ikasikika sauti ya koo likimeza. Funda moja. Funda la pili. Kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyekaa na kiu muda mrefu sana.

Evarista alirudi nyuma mpaka akagonga friji. Alimwita Anselmi, na alipomweleza, uso wa Anselmi ukawa wa majivu.

"Nalichoma," alisema. "Leo hii nalichoma hili benchi."

"Mwanangu, unajua ni nini?"

"Sijui kitu, mama! Nitajuaje?"

Hakuwahi kumpigia kelele. Alilibeba benchi begani kuelekea mlangoni, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane na dakika arobaini, na jua la mchana lilikuwa pale nje, mikokoteni inapita, mtu anatangaza bei za mashati kwa kipaza sauti, dunia yote ipo hatua tatu tu mbele yake, lakini mwanga ndani ya duka ukaanza kubadilika, ukawa wa kijani, hafifu, kama unaochujwa na majani mengi juu kabisa, na matone yakaongezeka mpaka yakawa hayahesabiki, na kipaza sauti kikasikika kwa mbali kama kiko ng'ambo ya mto, na Anselmi akasimama, akautazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayetazama mkono wa mgeni ukiingia mfukoni mwake, kisha akaanguka.

Shadya alikuja mbio na chetezo chenye makaa. Alivuta geti la duka mpaka nusu, akapiga magoti, akatia ubani.

"Mama, chana suruali."

Evarista alichana. Kwenye paja, alama ya mkanda ilikuwa imeingia ndani ya nyama, na chini yake ngozi ilikuwa inageuka rangi.

"Nani wewe?" Shadya aliuliza.

Midomo ya Anselmi ilifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya taratibu, kama ya mtu anayejifunza kutumia meno.

"Jina langu hamtaliweza. Mimi ni wa msitu."

"Umefuata nini Kariakoo?"

"Nimemfuata huyu. Nilipewa jina lake. Niliambiwa atakuja. Nilingoja hakuja, nikatoka. Njia ni ndefu, na nilikuwa namuuliza kila niliyemkuta amelala."

"Ulimuua nani huko?"

"Sikuua mtu. Nilimkuta chini ya mti. Mguu wa kushoto umefungwa mkanda wa kuzuia damu, na kwenye paji la uso ameandikwa saa nane na dakika arobaini. Nikakaa naye. Siku mbili nilikaa naye."

"Ulikaa na nani?" Evarista hakujua kama ameuliza kwa sauti au moyoni.

Na hapo sauti ikabadilika. Ikawa nyepesi, ya puani kidogo, sauti ya mtoto aliyeugua mafua kila msimu wa baridi mlimani.

"*Usiguse. Anselmi kasema nisiuguse, akija ataufungua mwenyewe.*"

Evarista aliikamata kaunta. Miaka tisa hakuisikia sauti ile, na haikuwa imezeeka hata siku moja.

"Nilimwambia nimfungulie," jini akaendelea kwa sauti yake nzito. "Alikataa. Maji alitaka, sikuwa na maji ya watu. Alisema Anselmi yuko njiani na machela."

"Anselmi!" Evarista alimwinamia, akamshika mashavu. "Wewe uliyeishika rozari yangu. Ni kweli?"

Macho ya Anselmi yalirudi, yamejaa machozi.

"Risasi zilikuwa zinatoka kila upande, mama. Nilimfunga, nikaandika saa. Ndivyo tulivyofundishwa, ili atakayempokea ajue damu imezuiwa tangu lini. Nikamwambia nakuja na machela, nusu saa. Nilipofika, garini imebaki nafasi moja. Mkuu akaniuliza, nyuma kuna mtu hai? Nikasema hapana."

"Ukasema hapana."

"Ningesema ndiyo, ningerudi mimi. Niliogopa."

"Na alipopatikana?"

"Siku ya tatu. Nilijitolea kumwosha. Nilifuta ile saa kabla mtu hajaiona."

Evarista alimwachia mashavu. Hakulia. Alihisi kitu kinamtoka polepole, kama chakula kilicholiwa miaka tisa na leo kimejulikana kina sumu.

"Kila jioni nilikuombea," alisema. "Jina lako nililitaja kabla ya jina lake. Nilimwambia Mungu, mbariki Anselmi kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwepo."

"Nisamehe, mama."

Shadya alimgusa bega. "Mama, nisikilize. Mguu huu haufiki jioni. Huyu jini si mbishi, nimeshamwona. Amebeba malalamiko ya marehemu, na anangoja neno la mwenye marehemu. Sema yameisha. Sema kwa dini yako, sitaingilia. Mimi nitamtoa sasa hivi, mlango uko wazi."

Evarista alikuwa mtu wa sala. Alipiga magoti, akaanza ile sala aliyofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma. Aliisema vizuri, neno kwa neno, mpaka alipofika penye kusamehe. Hapo ulimi ukasimama. Alirudi mwanzo. Ukasimama pale pale. Alijaribu mara ya tatu, na katika kimya kile, juu ya matone, ile sauti nyepesi ikasema peke yake, bila kuulizwa:

"*Kesho Alhamisi. Zamu yetu ya maji ya mfereji. Nani atamwamsha Mama? Akilala, majirani watayageuzia kwao yote.*"

Hakuna mtu Dar es Salaam aliyejua habari za mfereji ule wa kumwagilia migomba kule Rombo. Hata Anselmi hakujua. Evarista alisimama.

"Mama, maliza sala," Shadya alisema. Alikuwa ameshakiinua chetezo. "Nimwambie atoke?"

"Usimtoe."

"Mama, huyo ni jini!"

"Najua ni jini. Lakini ndiye aliyekaa naye."

"Mwanangu mwenyewe wa kuzaa nisingemwacha hapa na kitu hiki," alisema Shadya. "Kama unamzuia, mimi simo. Sikia, simo!" Aliyamwaga makaa kwenye ndoo ya deki, akapita chini ya geti bila kugeuka, na mwanga wa jua ukaingia kidogo na kutoka naye.

Anselmi alimsikia akienda. Alinyoosha mkono, akalikamata pindo la kanga ya Evarista. "Mguu, mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mguu unakufa. Nifungue. Sema neno tu."

Evarista aliutoa ule mkono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, bila hasira. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, akasogeza sikio lake karibu kabisa na midomo ya Anselmi, kama mama anavyokaa kwa mgonjwa asiyeweza tena kupaza sauti.

"Hiyo ni siku ya kwanza," alisema. "Nieleze ya pili."