Jiwe la Bustani ya Mbali

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kwa jirani yetu Murekatete. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa, ukungu ulikuwa unapanda polepole kwenye vilima vya Kingi, huku Masisi, na mtoto wake Luc, ambaye alikuwa bado anatambaa, alilala kwenye mkeka ndani ya kibanda cha jibini. Kule ndani, sufuria ya maji ilikuwa inachemka juu ya mafiga. Murekatete alikaa nje karibu na mlango, akikamua vitambaa vya kuchujia jibini.

Tante Pétronille, shangazi wa mume wake, alitoka kwenye nyumba kubwa. Alikuwa amekuja kutembea kutoka Canada, anakoishi na mwanawe, na kila mtu hapo nyumbani alikuwa amepata blanketi yake. Safari hii alibeba zawadi nyingine, kitu kizito. Akakitua kwenye kizingiti cha kibanda, akajifuta jasho.

"Mama Luc, angalia cadeau yenu. Jiwe ya kukandamiza fromaji. Na iko na mukono!"

Lilikuwa jiwe la mviringo, limefungwa kamba nyeusi kwa msalaba, na juu fundo limesimama kama mshikio. Murekatete alicheka kwa furaha. Mawe yao ya jibini yalikuwa yanateleza na kuponda vidole.

"Aksanti, Tante. Uliitosha wapi? Inatoka wapi?"

"Japon! Mutoto alinitembeza na ile meli kubwa kama quartier, mutaa muzima. Siku moja tukashuka. Asubuhi wakatuonyesha nyumba ya wafalme wa zamani, kisha bustani. Miguu ikanivimba. Muzee mwenye kufagia akanipa kiti yake, akanimiminia chai ya termosi yake mwenyewe."

"Mungu amubariki."

"Njo nikaona hii jiwe mu kanjia kadogo. Watu wote wakifika pale wanarudi. Guide, mwenye kututembeza, anasema jiwe ikikaa pale, hakuna kupita. Mimi nikasema, jiwe muzuri hivi, wanaiacha bure tu! Nikatia mu sakoshi yangu."

"Na muzee?"

"Aliniona. Akaendelea kufagia."

Murekatete aliweka kitambaa chini.

"Tante, mutu anakupa chai yake, na wewe unamwiba?"

"Wee! Jiwe tu. Masisi hatuna mawe?"

"Yako mengi! Njo maana haungekosa ya kuokota huku!"

Murekatete alisimama kwa hasira ili amchukue mtoto wake aende zake. Alifika kizingitini. Akageuka, akarudi.

Hakutaka kurudi. Miguu ilirudi yenyewe.

Alijaribu tena. Akajikuta amekipa kibanda mgongo. Kuku mmoja alikuja mbio kuelekea mlangoni, akafika kwenye jiwe, akageuka kimya.

Ndani, Luc aliamka.

"Tante. Tosha ile jiwe, iondoe mu mulango."

Pétronille aliinama, akashika fundo. Jiwe ambalo alilibeba sasa hivi kwa mkono mmoja halikutikisika. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Inakataa," alinong'ona.

Luc alikuwa ameona moto. Alicheka. Alianza kutambaa kuelekea sufuria.

"Luc! Kuya kwa mama! Luc!"

Mtoto hakugeuka. Mvuke ulikuwa unamwita kama mchezo.

Murekatete alimkamata shangazi mabegani. Hakuwahi kumgusa mkubwa hivyo.

"Piga magoti. Omba muzee pardon."

"Mimi? Nipigie jiwe magoti?"

"Mutoto wangu ataungua juu ya wizi yako! Piga magoti!"

Mkono mdogo uliinuka. Uligusa ukingo wa sufuria. Sufuria iliinama.

Pétronille alianguka magoti.

"Pardon, muzee," alisema. "Pardon."

Maji yaliacha kuchemka.

Murekatete aliruka jiwe, akaingia. Moto ulikuwa umezimika, majivu ya baridi, na sufuria imesimama wima. Luc alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, mbali na mafiga, mkavu, akiangalia juu kama mtoto anayeangalia uso wa mtu. Kifuani kwake kulikuwa na alama nyeupe ya kiganja cha mtu mzima, vidole vimenyooka, kama cha mtu aliyemsukuma nyuma taratibu. Sabuni haikuitoa.

"Rudisha kwa mukono yako," Murekatete alimwambia shangazi. Sasa jiwe liliinuka, na siku ileile motari alimpakia kwenye pikipiki pamoja nalo, na Murekatete hakumsindikiza.

Majuma yalipita. Siku moja simu ikalia.

"Mama Luc, usiwe na roho mubaya tena. Nilifika Goma, nikaona Japon iko mbali sana. Nikatupa ile jiwe mu ziwa. Imekwisha."

"Ulitupa? Muzee alituokolea mutoto, na wewe ukatupa?"

Murekatete alikata simu. Akamchukua Luc, akamfungua kifungo cha shati.

Alama ilikuwa palepale. Lakini vidole havikuwa vimenyooka tena. Vilikuwa vimekunjika, kama vya mtu aliyeshika kitu chake.