Wimbo Uliovuja Kabla ya Idd

Jumatano, tarehe 13 Januari 1999, saa nne na robo asubuhi, Mwanabaraka alikuwa sokoni Tandika akichagua mihogo ya futari, mara akajisikia anaimba.

Hayakuwa mang'amung'amu ya njaa. Sauti yake ilitoka kwenye kibanda cha kaseti cha Badru, na wimbo ulikuwa ule ule ambao kikundi cha taarabu cha Marashi ya Temeke kiliuficha miezi miwili, kije kuutoa ukumbini Idd Pili. Wimbo ukishachezwa sokoni, ukumbini nani atashtuka tena? Na waliokabidhiwa ni wawili tu: yeye alipewa kaseti ya mazoezi, na kiongozi wao, Mzee Mwinshehe, mtunzi wa wimbo na karani wa ofisi moja ya mizigo mjini, alipewa sidii ya studio.

Ilipofika adhuhuri alikuwa ameshasimamishwa.

"Sidii yangu hii hapa, gundi ya bahasha yake haijabanduliwa," alisema Mwinshehe mbele ya kikundi kizima. "Imebaki kaseti yako. Niletee mwizi mpaka Ijumaa, la sivyo maikrofoni utaishia kuiona kwa macho."

"Hiyo ya sokoni umeisikiliza, Mzee?"

"Nimefunga, mwanangu. Kitu cha wizi hakiingii masikioni mwangu, leo wala kesho."

Mwanabaraka alitoka analia. Miaka kumi na moja alikuwa akiimba, kazi nyingine haijui, na mwimbaji mwenye jina la wizi hapokelewi na kikundi chochote Dar es Salaam.

Alikimbilia kwa jirani yake Kokushubila, mwalimu wa kompyuta kule Kinondoni, zamani fundi mitambo wa redio. Mwanamke wa Bukoba, hamwamini mtu hata akiambiwa leo ni Jumatano.

"Nianze na wewe," alisema. "Umeuza?"

"Da Koku! Na funga yangu hii?"

"Wezi nao wanafunga. Lete kaseti zote mbili, yako na uliyonunua sokoni."

Alivaa visikilizi, akasikiliza ya mazoezi, kisha ya sokoni, akarudia ya sokoni mara tatu huku akiandika saa na sekunde kwenye daftari. Mwanabaraka alibaki kumtazama uso.

"Haya," alisema mwishowe. "Kaseti yako haina matari. Ya sokoni inayo, kwa hiyo haikutoka kwako."

"Alhamdulillahi!"

"Subiri kushukuru. Sikiliza hizi 's' zako. Zinaimba kama umo ndani ya ndoo ya maji, na matari yamekuwa mchanga. Kaseti ikinakiliwa kutoka kaseti nyingine inaongeza mvumo tu, haifanyi hivi. Huu wimbo umepita kwenye kompyuta, ukabanwa mno mpaka ukawa faili dogo. Na dakika ya tano, sekunde ya arobaini na mbili, kuna kwikwi. Umekatwa vipande viwili, kisha ukaungwa."

"Sijaisikia kwikwi yoyote."

"Nami nimeipata mara ya tatu. Usimwambie mtu ilipo."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, walimbana Badru kibandani.

"Sista, mie nauzaga kaseti, siibi," alisema Badru. "Nimeikuta jana alfajiri mlangoni, ndani ya bahasha. Nikaicheza, watu wakajaa. Ningefanyaje?"

"Kompyuta unayo?"

"Mie? Hata feni sina!"

Kokushubila alimwamini nusu. Saa sita walikuwa Kinondoni, studioni kwa Theonest, kijana aliyerekodi wimbo. Huyu alianza kutokwa jasho kabla hajaulizwa, na Mwanabaraka akamkonyeza mwenzake: tumempata.

"Ukitaka kuutoa wimbo hapa unatumia nini?" aliuliza Kokushubila.

"Sidii, mwalimu. Mashine yangu inaandika sidii."

"Sidii inabeba wimbo mzima?"

"Hata kumi, na sauti safi kabisa."

Kokushubila alipiga mstari kwenye daftari. Mwenye sidii hana haja ya kuubana wimbo. Anayeubana hivyo ana flopi, zile diski ndogo za kompyuta, na flopi moja inashiba kwa dakika sita hivi za sauti mbovu kama ile. Wimbo una dakika kumi na moja na sekunde arobaini: flopi mbili.

"Nani alibaki peke yake na mashine hii?"

Theonest alikuna kichwa. "Mzee Mwinshehe tu, Jumatatu, saa saba mpaka saa nane. Mimi sifungi, nilikuwa na njaa. Akasema, 'Nenda kale, mwanangu, mie nimefunga, nitakulindia mlango.' Lakini yule anasema kompyuta hajui hata kuiwasha."

"Anasema," alijibu Kokushubila.

Ijumaa, saa nane na nusu, baada ya sala, kikundi kilikusanyika chumba cha mazoezi. Kokushubila alisimama katikati.

"Mwizi alitumia flopi mbili," alisema. "Na taarabu haijui. Flopi ya kwanza ilipojaa, akaukata wimbo katikati ya neno, kama anakata utumbo buchani. Mtunzi angelia."

"Mwongo wewe!" Mwinshehe aliruka kitini. "Hakuna neno lililokatwa! Umekatwa mwisho wa ubeti wa nne, kabla kinanda hakijaingia!"

Kokushubila alifungua daftari lake.

"Ni kweli, Mzee," alisema Kokushubila. "Dakika ya tano, sekunde ya arobaini na mbili. Lakini wewe kaseti ile hujaisikiliza. Umejuaje?"

Mwinshehe aliketi polepole.

"Ofisini tuna kompyuta," alisema. "Nimejifunza mwaka mzima. Humo ndimo nilimouunga wimbo, nikaurekodi kwenye kaseti, nikaiacha mlangoni kwa Badru." Kisha akamgeukia Mwanabaraka kwa hasira. "Niliwaona! Wale watu wa kikundi cha Magomeni, wakitoka kwako baada ya magharibi. Mie ndiye niliyekutengeneza, uende ukang'are kwa wengine? Nikasema bora uchafuke, wasikutake. Utabaki kwangu, au hutaimba kokote."

Maneno hayo yalimuuma Mwanabaraka kuliko kusimamishwa.

"Walikuja, Mzee. Niliwafuturisha, nikawaambia siwezi kumwacha aliyenifundisha kuimba."

Mzee alifunika uso kwa kofia yake.

Mwanabaraka alichukua mkoba, akaiweka kaseti ya mazoezi mezani, mbele yake.

"Sasa nitakwenda kwao," alisema, akatoka.