Alama Moja ya Owiti

Mimi siingilii mapenzi ya watu. Kwenye kituo cha utafiti wa samaki, kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Mambo ya moyo nawaachia wenyewe.

Ajwang na Owiti walikutana soko la Kibuye, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa koti lilelile la mtumba. Ajwang, binti wa mtaa wa Kaloleni, gauni la zambarau na kucha za rangi hiyohiyo, ndiye anayewatafutia watafiti wetu wa samaki makala kwenye maktaba ya mtandaoni. Owiti alikuwa mtafiti mgeni, buti zimejaa matope ya ziwa. Akamwachia koti, ila akasema ule mkono mmoja atakuja kuuazima. Tangu hapo alimpigia simu kila siku akiomba makala ambazo alishazisoma.

Kisha mkurugenzi akataka kujua kama watumiaji wanaridhika na maktaba. Wasiporidhika, kazi ya Ajwang ingefutwa. Walipoombwa kuipa maktaba alama, watafiti wakaipa tano juu ya tano, hata Mzee Obonyo ambaye hajawahi kuifungua.

Owiti akatoa moja. Tena akasimama mkutanoni, akaeleza kwamba akiwa kwenye boti, mdomoni mwa mto Sondu, mtandao hupotea na makala hazifunguki. Ajwang akafunga kompyuta yake polepole, akatoka bila kumtazama.

Jioni Ajwang alipokea simu ya Owiti mara moja tu.

"Si ungeniambia tukiwa wawili, Owiti?"

"Jaber, mrembo wangu, mgonjwa akisema hajambo, nani atampa dawa? Hao wote wamesema hujambo."

"Basi dawa meza wewe."

Akakata. Wiki nzima hakushika simu zake. Jumamosi akazima simu kabisa, akaenda Kibuye kutafuta begi la safari. Shangazi yake anayeishi kijiji cha Pap Onditi alikuwa amemwahidi kazi dukani kwake.

Asubuhi hiyohiyo mkurugenzi akaamua. Zile tano hazikumwambia chochote; ile moja ilimwonyesha pa kurekebisha. Ajwang abaki, na apewe kifaa cha kubeba makala hadi kwenye boti bila mtandao.

Owiti alimkuta bado anabishania bei ya begi. Akamweleza yote, pumzi imemwishia. Ajwang akafungua zipu ya begi, akaifunga tena.

"Na alama yako bado ni moja?"

"Ya maktaba, mpaka kifaa kije. Yako wewe nataka nimwambie mama yako."

"Huyo hatoi tano za bure," Ajwang akasema, akarudisha begi. "Kesho vaa viatu visafi."

Halafu akanigeukia mimi niliyekaa kibanda cha chai cha jirani, akauliza nani alimwambia Owiti kwamba yeye yuko hapa. Nikamwambia mimi nimekuja kunywa chai tu, siingilii mapenzi ya watu.

Dorca, mwenye chai, hakuinua hata macho. "Si wewe ulisimama hapa ukimwambia kwa simu akimbie? Na kumwomba mwenye mabegi asipunguze bei, ndio dada achelewe?"