Mashini ya Wamama wa Wamaza

Amisa wa kijiji cha Wamaza alikuwa mkulima hodari wa mpunga, lakini njaa haikumtoka mlangoni. Mashini ya kukoboa ilikuwa moja tu, ya Emile. Katika kila mabeseni mawili ya mchele, moja lilibaki kwake. Mwaka mmoja watoto wa Amisa walikula hadi mbegu. Na bado, jamani, kila mavuno Amisa alimpelekea Emile kuku wa shukrani!

"Bila ye tungekufa," alimwambia jirani yake Naomie, mwalimu wa kisomo cha wamama.

Naomie alicheka mpaka akatua mzigo. "Mama Amisa, nani analimaka?"

"Sisi."

"Nani anafukuzaka ndege, anavuna, anabeba?"

"Njo sisi."

"Na mashini, aliinunua na nini? Na muchele yetu! Mali inazaliwa na kazi ya mikono. Lakini mwenye kushika chombo ya kazi, njo anakulaka jasho ya mwenye kutumika. Chombo ikiwa ya wote, matunda inarudia wote. Hiyo njo ujamaa."

Maneno hayo yalimchoma Amisa. Akaita likilimba, wale wamama wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Kama tunalimaka kwa zamu," aliwauliza, "juu ya nini tusitwange kwa zamu?"

Emile aliposikia alicheka. "Mikono itawauma, mutarudia!"

Mikono iliuma kweli. Malengelenge yakatoka, na wengine wakanung'unika. Lakini hakuna aliyerudi. Vinu vililia Wamaza nzima, mashini ya Emile ikanyamaza. Kila mama alitia mchele kidogo kwenye gunia la wote, wakauuza pamoja sokoni. Mavuno yaliyofuata, mashini yao ilifika kutoka Kasongo, vipande vipande juu ya pikipiki, nao wakaikimbilia kwa vigelegele. Ah, siku ile hata viwete walicheza!

Leo watoto wa Amisa wanashiba, na mbegu inangoja mvua. Juzi Emile, ambaye mashini yake ilikuwa imeshika kutu kwa kukosa kazi, alikuja na mpunga wake, uso chini.

"Mama Amisa, mutanikata nusu?"

"Hapana, papa. Hapa kila mutu anaachaka kikombe kimoja tu ya muchele, ya kulipia mafuta ya mashini. Fanya mustari kama wote."

Emile akashika mstari. Amisa akamwita tena, akicheka kwa furaha.

"Na kesho likilimba inalima kwa Naomie. Ukuje na jembe."

Akaja, na jembe begani.