Sproketi za Mama

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alichukua kopo la mafuta ya taa na mswaki uliochakaa, akachuchumaa kando ya pikipiki ya mama yake na kuisugua cheni pingili baada ya pingili. Ilikuwa pikipiki ndefu ya milimani, yenye tairi nene za kushika matope. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na kila wiki aliipanda hiyo kwenda vijiji vya juu, ambako hakuna barabara ila mawe, utelezi na Mungu.

Jina la Chiriku alipewa na majirani, kwa maana mdomo wake haukujua likizo. Ukitaka habari ifike mtaa mzima, walisema, mnong'oneze yeye.

"Mama! Njoo uone meno ya sproketi! Yamepinda kama kucha za paka!"

Mama alitoka akijifuta mikono, akainama. Sproketi zilikuwa mbili, magurudumu ya chuma yenye meno yanayoshikana na cheni: ndogo ya mbele, karibu na injini, na kubwa ya nyuma. Aliivuta cheni kwa kidole nayo ikanyanyuka kutoka kwenye meno kama nguo iliyolegea.

"Una macho wewe," alisema. "Zimekwisha hizi. Hesabu meno ya hiyo kubwa, twende dukani."

Muuza vipuri aliwatolea kwanza sproketi nyekundu inayong'aa. "Hii nyepesi kama karatasi, dada. Vijana wa mashindano wanaigombania."

"Mimi sishindani na kijana yeyote, nashindana na matope. Nipe ya chuma."

"Basi chukua ya nyuma yenye meno machache kidogo. Utakimbia!"

"Wale wa juu hawanisubiri nikimbie, wananisubiri nifike," Mama alijibu. "Nipe yenye meno kama ile ya zamani, ina nguvu ya kupanda. Na cheni iwe ya ile yenye mipira midogo ndani ya pingili, matope yasinywe grisi yote."

Chiriku aliuliza kwa nini wasinunue cheni peke yake, maana ndiyo iliyolegea.

"Cheni mpya haikai kwenye meno yaliyochakaa," Mama alimweleza. "Ukipanda mlima itaruka, na hapo uko juu ya mawe. Vitatu hivi hubadilishwa pamoja."

Walipofika nyumbani, Mama aliitwa zahanati. Akaiacha kazi mikononi mwa mdogo wake, Mjomba wa Chiriku. Mjomba alikuwa fundi hodari na mwendesha pikipiki wa mashindano, mcheshi, mpenda watu, na mwepesi wa kuahidi kuliko kutimiza. Pikipiki yake ilikuwa ya aina moja na ya Mama. Kesho yake alikuwa na mashindano.

Alifungua sproketi za zamani haraka. Kisha akazishika zile mpya, akazigeuza geuza, akatazama pikipiki yake iliyoegemea ukutani.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hizi naziazima tu. Jumatatu jioni nazirudisha. Kwa sasa namfungia dada cheni mpya, na hii ya nyuma naigeuza upande wa pili, ambao meno yake hayajalika sana. Hatajua."

"Lakini Mama amesema cheni mpya haikai..."

"Mama yako ni muuguzi. Fundi ni nani hapa? Tena mlimani haendi mpaka Jumatano." Akamkonyeza. "Usimwambie. Na nikirudi nakufundisha kuendesha. Si umekuwa ukinililia tangu mwaka jana?"

Ni kweli alikuwa akimlilia. Chiriku aliyeshindwa kuficha hata bei ya vitumbua alinyamaza kimya, akashika spana na kumsaidia. Mjomba aliipiga ile sproketi kuukuu msasa, akaipaka grisi nyingi, mwisho ikapendeza kabisa.

Mama alirudi jioni amechoka, Mjomba amekwisha kwenda zake. Cheni iling'aa. "Vyote vitatu vimefungwa?" aliuliza.

"Vimefungwa, Mama."

Mama hakuinama. Alimpapasa kichwa, akaingia ndani kuvua viatu.

Kwenye mashindano yenyewe Mjomba alianguka kwenye dimbwi la kwanza, akamaliza akiwa wa pili kutoka mwisho. Kwa hasira akaenda kulala bila kushika spana. Jumatatu alfajiri simu ikalia: chanjo zimefika mapema, watoto wa juu wapelekewe leo hii. Mama alifunga sanduku la barafu nyuma ya kiti. Chiriku alisimama mlangoni na mkoba wa shule.

"Mama..."

"Sema upesi, mwanangu, barafu inayeyuka."

Aliuona akilini uso wa Mjomba ukikasirika. Akawaza, huenda ikafika tu, mara moja hii.

"Safari njema," alisema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe, na mkuu hakuwa na kosa. Kwenye mwinuko mkali wa mwisho, akipanda, cheni iliruka meno, ikachomoka na kunasa kwenye gurudumu la nyuma. Pikipiki ilikwama ghafla, ikamwangukia juu ya mawe. Wanawake waliokuwa wakimsubiri na watoto mgongoni walimbeba kwa machela ya miti na kanga. Sanduku lilipasuka. Chanjo zote zikaharibika juani, na wale watoto wakarudishwa nyumbani bila chochote.

Chiriku alimkuta Mama hospitalini, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Mjomba alikuwa amemtangulia, anafoka.

"Ni yule muuza vipuri! Amekuuzia cheni feki, dada! Naenda sasa hivi kumfungulia kesi, duka lake lifungwe!"

"Nilidhani ni mtu mwaminifu," Mama alisema kwa unyonge.

Chiriku alimtazama Mjomba. Macho yake yalikuwa makavu, hata haya hayakuwa nayo. Hapo ule woga aliokuwa nao ukageuka uchungu.

"Si yeye," alisema. "Sproketi mpya ziko kwenye pikipiki ya Mjomba. Nilimsaidia kufunga zile mbovu. Nikakudanganya."

"Watoto wa siku hizi!" Mjomba alijaribu kucheka. "Dada, unamsikiliza huyu?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema polepole. "Nenda kazifungue. Uzilete kwangu. Na dukani kwa watu usikanyage."

Mjomba aliondoka ameinamisha kichwa.

Alizileta kweli, akazifunga kwenye pikipiki iliyotengenezwa upya. Mama hakumfukuza, ila hakumwambia karibu. Daktari alikuwa amesema atatembea, lakini mguu ule hautapiga tena kiki ya kuwashia pikipiki. Basi zahanati ikamtuma muuguzi mwingine, msichana mdogo, kuja kuichukua pikipiki aende vijiji vya juu badala yake.

Chiriku alimpokea uani. "Nimekagua, dada. Cheni na sproketi zote mbili ni mpya."

Msichana alimgeukia Mama aliyekaa kizingitini, magongo mapajani.

"Inama uangalie mwenyewe," Mama alisema.

Msichana aliinama, akaangalia mbele na nyuma, akaridhika, akaondoka. Chiriku alibaki amesimama, machozi yakimtiririka.

"Mama, leo nilisema kweli."

"Najua. Njoo ukae." Mama alimpa nafasi. "Mjomba wako nimemlea mgongoni. Uongo wake naujua tangu hajaota meno, na kama angeniambia yeye, ningeinama nikaangalia. Uliniambia wewe. Ndiyo maana sikuinama."

Chiriku alikaa kando yake kizingitini.

"Sikia nikuambie, na usisahau. Mtu mzima akikwambia 'usimwambie mama', hapo hapo ndipo pa kuniambia. Awe mjomba, awe mwalimu, awe amekuahidi dunia. Siri ya zawadi naielewa. Siri inayoweza kumwumiza mtu haitunzwi hata siku moja, maana ukiitunza unakuwa mwenza wa aliyeianzisha. Na usingoje mpaka mtu aanguke ndipo useme. Ulisema hospitalini, nikashukuru, muuza vipuri akapona. Lakini wale watoto wa juu hawakupona na hilo, wala mimi."

"Umeacha kunipenda?"

Mama alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

"Kukupenda sijaacha, mwanangu," alisema. "Kukuamini, itabidi unisubiri."